Mpaka wa Uwanja na Mpaka wa Wajibu

Tunataka kuweka mbele yenu swali moja. Kulieleza si kazi ngumu, walakini kulijibu si jambo jepesi. Mtu akikuta ya kuwa ndani ya uwanja wake mna sumu, nayo hakuiweka yeye, wala hakujua kwamba ipo alipoinunua nyumba, ni nani apaswaye kuiondoa? Je, ni yeye, kwa kuwa uwanja ni wake? Au ni wale walioagiza iwekwe? Au ni watu wote wa mji pamoja? Tena wengine wakimsaidia kuiondoa, tuseme wamemfanyia hisani, au tuseme wamelipa deni?

Swali hili hatukulibuni. Katika miji mingi ya Marekani limekuwa shauri la mabaraza, la mahakama, na la nyumba kwa nyumba, kwa muda wa miaka zaidi ya 20, kwa ajili ya mabomba ya maji yaliyofanywa kwa risasi. Wako kati yenu wenye ndugu na watoto wanaokaa katika miji hiyo, wakinywa maji hayo. Basi tutaeleza kwanza mambo yalivyo, kisha tutalipima swali lenyewe. Kwa maana hukumu isiyotanguliwa na habari za kweli ni kama mzani usio na mawe.

Risasi tunayoisema ni yale madini mazito ya rangi ya kijivu, ambayo watu huyeyusha pia kufanya risasi za bunduki. Mafundi waliipenda tangu zamani za Warumi, kwa kuwa ni laini, hupindika pasipo kuvunjika, na bomba lake hudumu ardhini miaka mingi sana. Hata hivyo madhara yake hayakuwa siri kabisa. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika miaka 2,000 na zaidi iliyopita, alishauri maji yapitishwe katika mabomba ya udongo kuliko ya risasi, naye alitaja jinsi mafundi waifuao risasi walivyopauka mwili. Watu walisikia, wakaendelea kama kwanza.

Katika Marekani, miji ilipokua mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, bomba dogo la risasi ndilo lililounganisha nyumba nyingi na bomba kuu la barabarani. Mji wa Chicago haukuyaruhusu tu mabomba hayo, bali sheria yake ya ujenzi iliyaagiza, hata serikali kuu ilipoyakataza katika nchi nzima mwaka 1986. Ndiyo sababu Chicago umehesabiwa kuwa na mabomba ya namna hiyo kadiri ya 400,000, mengi kuliko mji mwingine wo wote wa nchi ile. Katika Marekani yote serikali ilikadiria, mwaka 2023, ya kuwa yako yapata milioni 9.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haijitangazi. Ndani ya maji haina ladha, wala harufu, wala rangi. Mwili wa mtoto huipokea kana kwamba ni ile kalsiamu ijengayo mifupa. Hukaa mifupani miaka mingi, tena hufika katika ubongo ungali unakua. Mtoto hupunguziwa uwezo wa kujifunza, wa kutuliza fikira, na wa kujizuia. Mama mwenye mimba huweza kumpitishia yule aliye tumboni. Kwa watu wazima huongeza shinikizo la damu na kudhuru figo. Nao waganga hawajapata kipimo cho chote, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho kwacho waweza kumwambia mzazi: Hapa mtoto wako yu salama. Kuyachemsha maji, ambako ni dawa njema ya vijidudu, hakusaidii neno. Maji hupungua kwa mvuke, risasi ikabaki pale pale chomboni.

Labda msomaji atauliza: Ikiwa ndivyo, mbona watu walikaa na mabomba hayo muda mrefu bila kulalamika? Jibu ni kwamba ndani ya bomba la risasi hufanyika ukoko, kama ule ugandao ndani ya birika, nao huzuia risasi nyingi isiingie majini. Maji yakibadilika tabia, ukoko hubanduka. Ndivyo ilivyokuwa Flint, mji wa watu wapata 100,000 katika jimbo la Michigan. Mwezi wa Aprili 2014 mji huo uliacha kununua maji ya Detroit, yatokayo Ziwa Huron, ukaanza kutumia maji ya mto wake ili kupunguza gharama. Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuulinda ukoko haikutiwa. Wenyeji walichukua chupa za maji yenye rangi ya kutu, wakaenda nazo mbele ya wakubwa. Wakaambiwa ya kuwa maji ni salama. Mwezi wa Septemba 2015 mganga wa watoto, Dkt. Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwa hesabu za damu za watoto ya kuwa risasi imezidi miilini mwao. Mwezi wa Oktoba mji ukarudia maji ya Detroit. Lakini ukoko uliobanduka haukurudi kwa siku moja, na mabomba yenyewe yalikuwa yangali ardhini.

Sasa tumefika penye kiini cha shauri. Bomba liingizalo maji nyumbani ni moja, na maji yapitayo ndani yake ni yale yale. Walakini katika miji mingi sheria imelikata vipande viwili. Kutoka bomba kuu hata mpaka wa uwanja ni mali ya mji au ya shirika la maji. Kutoka mpaka huo hata ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo miji mingi ilipoanza kuyatoa mabomba ya risasi, ilichimba upande wake, ikaweka bomba jipya hata mpakani, ikaacha kipande cha pili kama kilivyo, ikimwambia mwenye nyumba: Hicho ni chako, ukitaka kukitoa, lipa. Na gharama yake si haba. Mara nyingi ni maelfu ya dola.

Kwa hesabu ya karatasi, kila mmoja alifanya sehemu yake. Kwa hesabu ya mwili wa mtoto, ilikuwa hasara. Maana kulikata bomba la zamani hulitikisa, na ukoko ukamwagika katika maji. Tena shaba mpya ikiunganishwa na risasi ya zamani, risasi huliwa upesi zaidi. Katika mji mkuu, Washington, ambako risasi ilizidi majini baada ya dawa ya kusafishia maji kubadilishwa mwaka 2000, maelfu ya mabomba yalibadilishwa nusu namna hii. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha jambo ambalo mtu angeweza kulikisia: penye mitaa ya wenye mali, watu walilipa wakamaliza bomba lote, penye mitaa ya maskini, ambako wengi ni watu weusi, waliolipa walikuwa wachache. Mpaka uliochorwa katika karatasi uligeuka kuwa mpaka wa afya.

Basi na tuyasikilize maneno ya wale wasemao kwamba mwenye nyumba alipe mwenyewe, wala tusiyadharau, kwa kuwa yana uzito.

Neno la kwanza ni hili: Mwenye mali ndiye atunzaye mali yake. Paa langu likivuja, siwaiti watu wa mji waje kulipa mabati. Ni kweli. Walakini paa na bomba hili si hali moja. Paa nililichagua, na likivuja naliona. Bomba la risasi, katika mji kama Chicago, lilichaguliwa na sheria. Mwenye nyumba wa siku zile hakupewa nafasi ya kukataa, na mwenye nyumba wa leo halioni, maana limo ardhini. Aliyeagiza kitu kifanywe hawezi kusema baadaye ya kuwa kitu hicho ni cha yule aliyemtii. Ikiwa amri ilikuwa ya watu wote, basi na kosa la amri ni la watu wote.

Neno la pili husemwa na jirani ambaye nyumba yake haina risasi: Kwa nini ada yangu ya maji itumike kubadilisha bomba la mwingine? Neno hili lilipata nguvu hata katika sheria. Mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, ulikata shauri kuyatoa mabomba yake yote. Sababu moja ni kwamba dawa ya kuulinda ukoko ina fosfeti, nao waliogopa kwamba italisha magugu katika maziwa yao. Mwaka 2000 waliweka sheria ya kumlazimisha kila mwenye nyumba kukitoa kipande chake wakati mji utoapo chake. Nao walitaka kumrudishia nusu ya gharama, isipite dola 1,000. Lakini wasimamizi wa jimbo walikataza fedha za ada ya maji zisitumike kwa mali ya mtu binafsi. Madison hawakukata tamaa. Waliwapangisha watu wa simu nafasi ya kuweka mitambo yao juu ya minara ya maji, na kodi hiyo ndiyo iliyowasaidia wenye nyumba. Kazi ilianza mwaka 2001, ikamalizika yapata mwaka 2012, mabomba kadiri ya 8,000.

Twawasifu kwa akili yao. Walakini twamjibu jirani yule vile vile. Watu wa Kilimanjaro wanaotumia mfereji mmoja wajua ya kuwa siku ya kuuzibua kila mwenye kunywa hutoka na jembe lake, wala hakuna asemaye: Bomoko hili liko chini ya shamba la fulani, atengeneze yeye. Mfereji ukikubaliwa kuwa wa wote, na ubovu wake ni wa wote. Na maji ya bomba ni mfereji tu, ila umefunikwa udongo.

Neno la tatu ni gumu kuliko hayo mawili: Nyumba ya mtu ni yake, akikataa wasiingie kuchimba, ni nani awezaye kumshurutisha? Hapo twaitazama habari ya Newark, katika jimbo la New Jersey. Mpango wao wa kwanza ulimtaka mwenye nyumba alipe sehemu, isiyozidi dola 1,000. Lakini katika Newark wengi wa wakazi ni wapangaji. Anywaye maji siye mwenye bomba, na mwenye bomba labda hakai huko, wala hanywi maji hayo. Mwenye nyumba aliyesita hakujinyima yeye. Alimnyima mtoto wa mtu mwingine. Mwaka 2019 wilaya ya Essex ilikopa dola milioni 120 kwa ajili ya kazi hiyo, mji ukatangaza ya kuwa mwenye nyumba hatalipa hata senti, tena ukaweka sheria ya kuwawezesha mafundi kuingia na kubadilisha bomba hata kama mwenyewe hakupatikana kutoa ruhusa. Kazi iliyopangiwa miaka mingi ilimalizika kwa muda usiofika miaka mitatu, mabomba zaidi ya 23,000.

Je, walimnyang'anya mtu uhuru wake? Sisi twaona ya kuwa uhuru wa mtu juu ya mlango wake ni jambo kubwa, nasi hatupendi lichezewe. Lakini uhuru huo haukufika kwenye kikombe cha mtoto wa mpangaji. Tena twaangalia neno moja: nguvu ya kuingia iliambatana na wajibu wa kulipa. Kama wangeingia kwa nguvu, kisha wakamletea mtu hesabu asiyoiweza, ingalikuwa dhuluma. Kuingia, kulipa, na kumwachia mtu maji safi, huko ni kumtumikia.

Lakini wala tusidhani ya kuwa fedha peke yake hufungua mlango. Flint, baada ya mapatano ya mahakama ya mwaka 2017, watu waliahidiwa mabomba mapya bila malipo, na bado wako walioikataa kazi hiyo au wasioitikia barua. Watu walioambiwa kwamba maji ni salama, kisha wakayaona matokeo katika damu ya watoto wao, si ajabu wakimtilia shaka mjumbe ajaye na karatasi ya kutia sahihi. Hata mwaka 2025 ndipo jimbo lilipotangaza ya kuwa kazi ya kuyatoa imemalizika, mabomba ya risasi karibu 11,000. Imani ya watu hubomoka kwa siku chache, na kuijenga ni kazi ya miaka.

Sasa twataka msomaji aufikiri mji mmoja zaidi, Lansing, nao uko Michigan, si mbali sana na Flint. Huko shirika la maji lilikuwa na bomba lote kuwa mali yake, kutoka barabarani hata kwenye mita ya nyumba. Lilianza kuyatoa mabomba ya risasi mwaka 2004, likalimaliza la mwisho mwezi wa Desemba 2016, zaidi ya 12,000. Ugomvi wa nani alipe haukuwasumbua, kwa kuwa hapakuwa na mpaka wa kugombania. Udongo wa Lansing ni udongo kama wa kwingine, na risasi yake ni risasi ile ile. Kilichotofautiana ni mstari uliochorwa na watu. Na mstari uliochorwa na watu, watu waweza kuusogeza. Jimbo la Michigan liliusogeza mwaka 2018, lilipoamuru mashirika ya maji yabadilishe bomba lote, na upande wa nyumba pia, kwa gharama yao. Serikali kuu nayo ilitenga dola bilioni 15 kwa kazi hii mwaka 2021, na mwaka 2024 ikaamuru mabomba ya risasi yaondolewe, miji iliyo mingi ikipewa miaka 10. Walakini haikusema ni nani alipe upande wa mwenye nyumba. Kwa hiyo swali tuliloanza nalo limerudishwa mlangoni pa kila mji.

Jibu letu ni hili. Mpaka wa uwanja ni kitu chema. Huonyesha ni nani apandaye, ni nani avunaye, ni nani afagiaye. Lakini haukuwekwa ili kupima madhara. Sumu haisimami penye uzio kuuliza ni kwa nani. Kwa hiyo mji umsaidiapo mwenye nyumba kulitoa bomba la risasi, tusiseme umemhurumia tu. Umelipa deni ambalo mababa wa mji walilikopa, walipochagua bomba la kudumu na kuwaachia wajukuu madhara yake. Hisani humwacha apokeaye akiinamisha kichwa. Deni likilipwa, humwacha amesimama. Makanisa ya Flint yaligawa maji ya chupa muda mrefu, nayo yalifanya vema sana, kwa maana mwenye kiu hawezi kungoja mahakama. Walakini chupa humnywesha mtu leo, haiondoi bomba. Rehema ilitangulia, haki ilipaswa kuja nyuma yake, isichelewe.

Naye mwenye nyumba hakufunguliwa wajibu wake wote. Yampasa kulijua bomba lake: alikwaruze kwa ufunguo mahali liingiapo nyumbani, liking'aa kama fedha, likawa laini, na sumaku haishiki, ni risasi. Yampasa kumwambia mpangaji wake, na yule atakaye kuinunua nyumba, asiwafiche. Yampasa kuufungua mlango mafundi wajapo. Na wakati wa kungoja, atumie chujio lililothibitishwa kuwa laondoa risasi, apikie maji ya bomba la baridi wala si la moto, na asubuhi ayaache yatiririke kwanza, yale yaliyolala bombani yatoke. Ninyi mlio na ndugu huko, waandikieni mambo haya. Ni machache, wala hayana gharama kubwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza ya kuwa ufa uliopita katikati ya nyumba mbili hauzibwi na mmoja, kila mtu upande wake na siku yake. Huzibwa na wote wawili siku moja. Yule anywaye maji hayo kwa miaka mingi kuliko sisi, yaani mtoto, hana hati ya kipande cho chote cha bomba, si cha barabarani, si cha uwanjani. Basi mabaraza yakikaa kulitoa shauri hili, na yamweke yeye katikati, ndipo yahesabu fedha.